Muziki kwenye Toyota 86: pesa iende milangoni au kwenye buti?

Ukienda Gerezani, Kariakoo, ukamwambia fundi unataka kufunga muziki kwenye gari, mara nyingi swali lake la kwanza ni sabufa ya inchi ngapi. Kwa Noah inayobeba familia nzima swali hilo lina mantiki. Kwa gari la spoti la milango miwili, hilo ni swali la mwisho lililotangulizwa. Nina Toyota 86 ya mwaka 2013 na nimeifunga muziki mara mbili: mara ya kwanza nilianzia kwenye buti, mara ya pili nikabomoa karibu kila kitu na kuanzia milangoni. Rafiki yangu mwenye Subaru BRZ, pacha wa gari langu kwa bodi na injini, alikwenda njia ya tatu: redio mpya na spika mpya, basi. Kwa hiyo nimezisikia njia zote tatu ndani ya bodi ileile, kwenye barabara zilezile na kwa nyimbo zilezile.

Gari lenyewe linataka nini

Magari haya mawili yalitoka mwaka 2012, yote yakiundwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani. Injini ni ya lita 2.0 yenye pistoni zilizolala ubavu, na uzito wa gari zima ni kilo 1,200 na ushee. Waliobuni gari walibana kila kilo, na vizuia kelele vikabanwa pamoja na vingine. Juu ya hapo waliweka bomba linalotoka kwenye njia ya hewa ya injini hadi kwenye ukuta wa kabini, kusudi dereva asikie injini inavyovuta pumzi. Hili ni gari lililokusudiwa lisikike.

Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya matairi na upepo ndani ya kabini hupita desibeli 70 bila shida. Nyingi ya kelele hiyo iko chini, kwenye sauti nzito, palepale ngoma na besi zinapokaa. Ndiyo maana wimbo uliokuwa mtamu gari likiwa limeegeshwa Mikocheni unakuwa umepoteza tumbo lake ukifika Kibaha. Mtu akisikia hivyo husema gari linahitaji sabufa, na hapo amepatia nusu tu. Sauti za chini kabisa, hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) kushuka, zinahitaji sabufa, hilo halina ubishi. Ila kinachomezwa zaidi na barabara ni kile kilicho juu kidogo, kati ya hezi 80 na 250: kifua cha mwimbaji wa kiume, teke la ngoma, gitaa la besi kwenye rumba. Hayo ni mali ya spika ya mlangoni. Sabufa ikilazimishwa kuyapiga, utasikia mwanamuziki amekaa kwenye buti na mwimbaji amekaa kwenye dashibodi, bendi moja imekatwa vipande viwili.

Njia ya buti

Mara ya kwanza nilifunga sabufa mbili za inchi 12 kwenye boksi lenye tundu, na amplifaya ya wati 1,000 za RMS, yaani nguvu halisi ya kuendelea. Milangoni niliacha spika zilizokuja na gari. Gari likisimama, ilikuwa raha: kioo cha nyuma kinatetemeka, watoto wa mtaani wanakuja kuangalia. Nikianza safari, uimbaji unazama. Nikiongeza sauti ili nisikie maneno, besi inakuwa imeshajaza kabini, na kibao cha namba nyuma kinalia kuliko ngoma yenyewe. Taarabu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kanuni, fidla na akodiani vyote vinaishi katikati na juu, na kule sikuwa nimeweka hata shilingi.

Kuna hasara nyingine ambayo mwenye gari la familia haijui. Ukilaza kiti cha nyuma cha 86, nafasi inayopatikana ilipangwa itoshe magurudumu manne, kwa wanaotaka kwenda kiwanja cha mashindano na matairi yao ya pili. Boksi la sabufa mbili likishaingia, magurudumu hayaingii, na hata begi la safari ya Tanga unalibeba kwenye kiti cha mbele. Halafu kilo 40 za boksi, sabufa na amplifaya zinakaa nyuma kabisa ya gari lililopangwa kubeba asilimia 53 ya uzito mbele na 47 nyuma. Kwenye kona za Kitonga utazisikia kilo hizo. Mtu aliyenunua gari kwa ajili ya kona, kisha akafunga mzigo wa kudumu nyuma, amejinyang'anya kitu alichokilipia.

Siidharau njia hii. Kama gari lako ni la kuegesha ufukweni na marafiki, buti likiwa wazi na muziki ukitoka nje, njia ya buti inaishinda ya milangoni mbali sana. Milango ya 86 haitawaburudisha watu kumi waliosimama nje.

Mlango ndio boksi la spika

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi wengi wanapopita haraka.

Spika ya sabufa inakuja na boksi lake. Ya mlangoni inategemea mlango uwe boksi, na mlango wa 86 kwa jinsi ulivyotoka kiwandani ni boksi baya: bati jembamba nje, bati lenye matundu makubwa ndani, na karatasi ya nailoni iliyobandikwa juu ya matundu hayo. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kutokea mbele, zinafutana, na kinachofutika kwanza ni ile ile sauti ya hezi 80 hadi 250. Kwa hiyo unaweza kununua spika za Focal za daraja la Utopia, zinazotoka Ufaransa na kuuzwa kwa bei ya kutisha, ukazifunga kwenye mlango mtupu, zikashindwa na spika za kawaida za Pioneer au Hertz zilizofungwa kwenye mlango ulioandaliwa. Nimezisikia hali hizo mbili kwa masikio yangu, na tangu hapo sijabishana tena na mtu kuhusu chapa kabla ya kuangalia mlango wake.

Kuandaa mlango ni kazi ya nusu siku kwa kila upande. Bati la nje, upande wa ndani, linasafishwa na kubandikwa mkeka wa mpira wa butili wenye foili ya alumini juu. Si lazima kufunika bati lote. Ukifunika robo hadi nusu, sehemu kubwa ya mtetemo imeshakufa. Kisha matundu ya bati la ndani yanazibwa ili mlango uwe chumba kimoja. Mkeka wa milimita 2 una uzito wa kama kilo 3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo milango miwili iliyobandikwa kwa akili haifiki kilo 4. Linganisha na zile 40 za buti.

Angalia sana aina ya mkeka. Sokoni kuna mikeka ya lami inayouzwa kwa bei nafuu na kung'arishwa kwa foili ileile. Gari lililoegeshwa juani Dar saa nane mchana hufika nyuzi 60 ndani, na bati jeusi linalopigwa jua linaweza kuzidi hapo. Lami ikipata joto hilo inalainika, inanuka, na siku moja inateleza hadi chini ya mlango na kuziba tundu la kutolea maji. Mpira wa butili unavumilia.

Vilevile pete ya kushikia spika. Fundi wengi wanaikata kutoka kwenye ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa kuwa unakatika vizuri. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango wa gari lolote, hivyo ndivyo milango ilivyo. Masika moja tu, pete ya MDF inakunywa maji, inavimba na skrubu zinalegea. Omba pete ya plastiki ngumu, au MDF iliyopakwa vanishi pande zote pamoja na kingo.

Kuhusu spika zenyewe, kwa gari hili ningechukua seti yenye tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iliyotenganishwa, badala ya ile ambayo tuita imekaa katikati ya spika kubwa. Spika ya mlangoni iko karibu na mguu wako. Tuita ikikaa huko chini, sauti nyororo zinaishia kwenye goti. Ikiwekwa kwenye kona ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo, mwimbaji anapanda hadi usawa wa macho.

Singeli au amapiano?

Nilipojenga upya sikuiacha sabufa. Nilibaki na moja ya inchi 10 kwenye boksi lililozibwa, ubavuni mwa buti. Uamuzi kati ya boksi lililozibwa na lenye tundu watu huuchukulia kama suala la nani ana nguvu zaidi, wakati jibu liko kwenye muziki unaosikiliza.

Boksi lenye tundu hupata nguvu zake kwa hewa iliyo ndani ya tundu kucheza pamoja na spika kwenye sauti fulani, tuseme hezi 35. Karibu na hapo hupiga kwa nguvu kubwa kwa wati chache. Lakini hewa hiyo ikishaanza kucheza haikomi mara moja. Pigo likiisha, tundu bado linapumua. Amapiano, pamoja na ile besi yake ndefu inayoviringika, inapendeza sana kwenye boksi la namna hii. Singeli ni kinyume chake. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Ikifika 240, kila pigo lina robo ya sekunde tu. Boksi linalochelewa kunyamaza linayaunganisha mapigo yakawa muungurumo mmoja, na singeli isiyohesabika mapigo si singeli tena.

Boksi lililozibwa hunyamaza upesi. Hasara yake ni kwamba besi hupungua taratibu kadiri unavyoshuka. Ila kabini ndogo ya gari la spoti ina neema yake: chini ya hezi 60 au 70, hewa yote ya kabini inasukumwa kama pampu, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo kabini inavyoiinua. Kupungua kwa boksi na kuinua kwa kabini kunakaribiana, na besi inanyooka hadi chini. Ndani ya Alphard neema hiyo ni ndogo zaidi. Ndani ya 86, ambako kati ya buti na wewe kuna mgongo wa kiti tu, ni kubwa. Halafu ukubwa: lita 15 hadi 25 zinatosha kwa inchi 10 iliyozibwa, wakati yenye tundu hutaka mara mbili ya hapo au zaidi. Kwangu mimi hesabu iliishia hapo. Anayesikiliza amapiano asilimia tisini ya muda ana haki ya kuchagua tofauti.

Redio ya Kijapani: ibaki au iondoke

Magari mengi ya aina hii yanatufikia yakiwa yametumika Japani, na redio zao zinakuja na mambo matatu. Kwanza, FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kwenye redio nyingi huishia 90, au 95 kwa za baadaye. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Kifaa cha kuhamisha masafa kinasaidia, ingawa si stesheni zote zitakaa vizuri. Pili, maandishi ni ya Kijapani, na baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga zikikosa umeme na kudai msimbo, kwa hiyo siku utakayobadilisha betri redio inakuwa pambo. Tatu, redio za Toyota za soko la Japani nyingi zina upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida za dukani zina takriban 180, na unahitaji fremu ya kujazia pembeni.

Kwa sababu hizo, tofauti na ushauri wa Ulaya, ambako mara nyingi wanasema acha redio ya kiwandani na ongeza prosesa (kifaa cha kurekebisha sauti), mimi kwa 86 iliyotoka Japani naunga mkono kuiondoa. Hii ndiyo njia ya rafiki yangu wa BRZ: redio mpya ya Alpine yenye CarPlay na Android Auto, spika mpya, hakuna amplifaya. Imemgharimu kiasi kidogo kuliko mimi na anaridhika nayo mjini. Amplifaya iliyo ndani ya redio hutoa kama wati 20 za kweli kwa kila spika, hata kama kasha la redio limeandikwa 4 x 50. Mjini zinatosha. Barabara kuu haziwezi, kwani kuongeza desibeli 10 tu kunataka nguvu mara kumi.

Zile redio za Android zisizo na jina zenye skrini kubwa ningeziepuka kwenye mfumo wa gharama. Skrini inavutia, lakini sehemu inayotoa sauti kwenda kwenye amplifaya mara nyingi ni dhaifu na ina mvumo, na mvumo ukiingia mwanzoni mwa mnyororo hakuna amplifaya itakayoutoa.

Waya

Amplifaya ya wati 1,000 ya daraja D, yenye ufanisi wa asilimia 80, ikipigwa hadi mwisho huvuta karibu ampea 90 kwenye gari. Ya daraja AB huvuta zaidi na kupata moto zaidi. Mfumo wangu wa sasa una wati 75 kwa kila moja ya spika nne za mbele na 300 za sabufa, na betri ya kawaida inaumudu.

Kwenye ufungaji wa kwanza, fundi alinipitishia waya mnene mwekundu niliouona mzuri. Miezi minane baadaye, kwenye hewa ya chumvi ya Mbezi Beach, kiungo cha betri kilikuwa kimeota unga mweupe na ganda la waya limelainika kwa joto. Ndani ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, na karibu na betri hapakuwa na fyuzi yoyote. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo waya unaoonekana mnene hufanya kazi ya mwembamba. Kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa: ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Na fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda gari dhidi ya moto pale waya unapochunwa kwenye ukuta wa injini. Hili halihusiani na utamu wa sauti, na bado ningemkataa fundi yeyote anayelipuuza, hata awe hodari namna gani kwa mengine.

Kiti cha kulia

Matatu ya Nairobi hufungwa muziki kwa ajili ya abiria wote na waliosimama kituoni. 86 hufungiwa muziki mtu mmoja aliyekaa kulia, na hiyo ndiyo nafasi ambayo gari la spoti linaipita hata sebule ya nyumbani. Kwenye gari langu, spika ya mlango wa kulia iko kama sentimita 95 kutoka sikioni, ya kushoto 135. Sauti husafiri sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo ya kulia inawahi kwa zaidi kidogo ya milisekunde moja, na sikio humvuta mwimbaji mzima upande wa mlango wako. Prosesa ya sauti, ile ambayo mafundi huiita DSP, inaichelewesha ya kulia kwa kiasi hicho, na mwimbaji anahamia katikati ya dashibodi. Hakuna spika ya bei yoyote inayoweza kufanya hivyo peke yake.

Nimetumia Helix ya Ujerumani. MiniDSP ya Hong Kong ni ya bei nafuu zaidi na inafanya kazi ileile kwa mtu asiyeogopa kompyuta. Kupima, maikrofoni ya USB na programu ya bure ya REW vinatosha. Ukipata fundi anayekuja na laptop na maikrofoni, mlipe vizuri na umtunze.

Wenye kizazi cha pili, GR86 iliyotoka mwaka 2021 na injini ya lita 2.4, wana jambo la ziada. Lile bomba la sauti ya injini limeondolewa, na badala yake sauti inaongezwa kwa kielektroniki kupitia spika za gari. Ukiingiza amplifaya na prosesa bila kulijua hilo, mngurumo wa kutengenezwa unapita kwenye vifaa vyako vya gharama na kuvuruga vipimo. Amua mapema kama unautaka au unazimwa, kisha ndipo upime.

Pesa ikija kwa awamu mbili, awamu ya kwanza ningeandaa milango, spika za mbele, waya wa shaba na prosesa yenye amplifaya ndani yake, sabufa isubiri. Nilikaa miezi mitatu hivyo, bila sabufa kabisa, na nilikuwa nasikia maneno ya nyimbo hadi Morogoro. Na fundi asikate hata waya mmoja wa gari. Soketi za kuunganishia redio mpya kwenye waya za Toyota zinapatikana madukani. Redio ya zamani, spika za zamani na skrubu zake viweke kwenye boksi nyumbani, maana atakayelinunua gari hili baadaye huenda akalitaka lilivyotoka Gunma.